Kijiti cha Peni

Kile kijiti cheusi ambacho mmoja wenu alikuwa akikorogea chai wiki yangu ya mwisho dukani si kijiti cha chai. Siku ile nilinyamaza, kwa sababu mtu anayeagwa kwa keki hapaswi kuanza ugomvi. Lakini sasa niko nyumbani Lanet, asubuhi sina pa kukimbilia, na jambo hilo limekataa kunitoka kichwani. Basi nawaandikia. Mkisoma hadi mwisho, najua mtakiosha.

Mimi niliingia katika duka la Mzee Manilal kupitia jikoni. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa yaya nyumbani kwake, nikilea wajukuu. Yeye alikuwa fundi wa saa, na duka lake lilikuwa papo hapo lilipo leo, kwenye kile kichochoro nyuma ya barabara kuu ya Nakuru. Mbele aliweka saa. Nyuma, kwenye meza yenye kitambaa cha kijani, aliweka sarafu za zamani, akiwauzia walowezi wenye mashamba, wasafiri wa garimoshi, na yeyote mwingine aliyeugua ugonjwa wa kupenda pesa ambazo haziwezi kununua kitu.

Siku moja mkewe alikuwa akihangaika kutia uzi kwenye sindano. Nikamwomba, nikautia mara moja huku mtoto akiwa mgongoni. Mzee alikuwa anakunywa chai pale mezani. Akaweka kikombe chini akaniuliza, "Rispa, hiyo macho yako yote natumia kwa nepi tu?" Juma lililofuata nilikuwa dukani. Macho yake mwenyewe yalikuwa yameanza kuchoka na alihitaji ya kukodi.

Siku ya kwanza alinipa kopo la peni, zile senti kumi za shaba za wakati huo zenye tundu katikati, akaniambia nizitenge. Zilikuwa chafu, nyingine nyeusi tititi. Mimi ni mtoto wa nyumba za reli, mama yangu alikuwa akisugua sufuria mpaka unajiona uso, kwa hiyo niliuliza majivu yako wapi. Mzee alishika kichwa kwa mikono miwili. "Wewe nataka kuua mimi? Ukisugua, unafuta yote iliyoandikwa!" Nikadhani anasema maandishi. Kumbe alimaanisha mikwaruzo, kutu, uchakavu, yote ambayo sarafu imepitia. Kwake hayo ndiyo yaliyosomwa kwanza.

Dukani kwetu tulikuwa na maneno mawili, na ninasikitika kwamba siku hizi siyasikii. La kwanza ni kilema. Hicho ni kile ambacho sarafu ilizaliwa nacho huko kiwandani inakotengenezwa: chapa iliyopigwa upande, ukingo uliokosa kuinuka, kipande kilichokatwa vibaya. Watu hununua kilema kwa bei kubwa. La pili ni kidonda, yaani kile ambacho sarafu ilifanyiwa na walimwengu baadaye. Kidonda hakina bei. Kazi yetu yote ilikuwa kutofautisha hivyo viwili, na wateja walikuwa wakituletea vidonda tu, kila mmoja akiapa ni kilema.

Na vidonda vya sehemu hizi nilivijua upesi. Sarafu iliyolazwa kwenye reli na watoto hutoka nyembamba kama jani, na sura imefutika pande zote mbili. Iliyookotwa kando ya ziwa huwa imeliwa na magadi, ina vishimo vidogo vidogo na ukijani. Na peni zile, kwa sababu zilikuwa na tundu, mafundi wa kuezeka walizitumia chini ya misumari ya mabati ili maji yasipenye. Mkulima mmoja wa Njoro, mzungu mwenye masharubu, alikuja na peni yenye duara la ajabu kuzunguka tundu, akasema chapa ilipigwa mara mbili. Mzee aliitazama, akamuuliza kwa adabu kama kuna banda lake linalovuja siku hizi. Lilikuwapo. Lilikuwa la ng'ombe, na yeye mwenyewe ndiye aliyeng'oa msumari.

Kilema kigumu zaidi kukitambua ni kile cha sarafu iliyomegeka. Fikirieni mtu anayekata mandazi kwa glasi. Akiweka glasi karibu mno na mahali alipokwisha kukata, andazi hutoka limeliwa pembeni. Kiwandani hutokea vivyo hivyo kwa bamba la shaba. Basi msitazame pengo. Pengo hata mkasi unaweza kulifanya. Tazameni ukingo wa upande wa pili, ule ulio mkabala na pengo. Kama sarafu ilizaliwa hivyo, ukingo ule utakuwa umefifia, maana chapa ilipopigwa, shaba haikubanwa vya kutosha kuinuka pale. Aliyekata kwa mkasi nyumbani kwake hawezi kuufifisha. Hilo Mzee alinifundisha kwa kunifanya nitazame sarafu hiyo hiyo asubuhi nzima bila kuniambia natafuta nini. Nilimchukia mpaka saa ya chakula.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Lenzi ya kubana jichoni, mizani ndogo ya sonara, kitambaa, na kijiti. Kijiti alikichonga Mzee mwenyewe kutoka kwa mti mgumu, akakipaka mafuta mpaka kikawa cheusi, unene wake sawasawa na tundu la peni. Tulizitunga peni humo kama mishikaki. Ikipita, unaendelea. Ikikwama, unaitoa na kuitazama upya.

Sasa nifike kwenye peni ya Zakaria, ambayo ndiyo sababu ya barua yote hii.

Miaka ile mji ulikuwa na hofu. Ilikuwa hali ya hatari, kila mtu na kipande chake cha kutembelea, na askari walishuku hata kivuli. Juu ya hayo zikazuka shilingi za bandia, za risasi iliyoyeyushwa, zikawa zinapita kwenye baa na maduka. Wenye maduka wakawa wanauma kila sarafu. Inspekta wa polisi, mzungu mmoja mrefu aliyekuwa mteja wetu wa saa, alikuwa na desturi ya kumletea Mzee zile alizozitilia shaka.

Asubuhi moja, siku ya Jumatano, alileta peni. Mzee alikuwa amefungua saa ya mtu, vigurudumu vimetandazwa mezani, lenzi iko jichoni. Hakuinuka. Aliichukua ile peni, akaitazama kidogo tu. Mimi nilikuwa nyuma yake na niliona alichokiona: tundu lilikuwa baya. Midomo yake ilikuwa mikali, ndani mna mikwaruzo ya kuzunguka, na shaba yake inang'aa wakati sehemu nyingine yote ya sarafu ni nyeusi. Peni ya kawaida haiwi hivyo. Kiwandani hutoboa kwanza ndipo hupiga chapa, na chapa hulainisha midomo ya tundu. Mzee akairudisha. "Hii si ya kiwanda," akasema, akarudi kwenye saa yake. Inspekta akashukuru, akaenda zake.

Kesho yake tukasikia kuna fundi wa reli amewekwa ndani. Jina lake Zakaria. Alikuwa ameitoa ile peni kwenye kantini, mwenye kantini akaona lile tundu, akapiga kelele. Askari walipopekua nyumba yake wakakuta keekee ya kutobolea na tupa. Ni fundi, mlitaka wakute nini, cherehani? Mtu mmoja sokoni aliuliza ni mjinga gani anaghushi senti kumi. Akajibiwa kwamba huyo alikuwa bado anajifunza, angefika kwenye shilingi. Watu walicheka. Mimi nilijua nyumba ya reli inavyofanya kazi, kwa hiyo sikucheka. Mtu akifungwa, kazi imekwisha. Kazi ikiisha, nyumba si yako. Kesi ilikuwa itajwe Jumatatu.

Ijumaa mkewe akaja dukani. Nilimfahamu, Mama Nafula, tulikuwa tumechota maji kwenye mfereji mmoja kabla sijaolewa. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alisimama mbali kidogo na kaunta, kama anayeogopa kuvunja kioo.

"Mzee, ni wewe ulisema pesa ya bwana yangu ni bandia?"

"Mimi nilisema si ya kiwanda," Mzee akajibu.

"Si hiyo ni kitu moja?"

Mzee akashika kibano cha saa aliyokuwa ameifungua, akakiweka tena.

"Mimi sikuji kugombana," Mama Nafula akasema. "Nataka mtu anieleze tu, ndio niweze kueleza watoto. Hiyo peni nilipewa mimi, si yeye. Chenji ya ndizi, hapo stesheni. Nikaenda nayo soko, wamama wakakataa. Wananiambia, hii ni ya wapi, haina shimo, tutaitunga aje? Nimezunguka nayo soko mzima. Nikarudi nyumbani nikaambia Baba Nafula, si wewe ni fundi, itoboe ikae kama zingine. Akatoboa. Sasa amefungwa juu ya shimo yangu."

Ni lazima mwelewe desturi ya wakati ule. Wamama wa sokoni hawakuwa na mikoba. Walikuwa na uzi. Peni na senti zote zenye tundu zilitungwa kwenye uzi, uzi ukafungwa kiunoni chini ya leso, na mwizi angelazimika kumvua mtu nguo. Pesa isiyotungika, kwao, haikuwa pesa.

Mzee alikuwa ameondoa lenzi jichoni. "Mama, sema tena. Haikuwa na tundu?"

"Haikuwa."

"Hata kidogo? Hapa katikati ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa laini tu. Na kaduara kadogo, kama mahali shimo ingekaa."

Nilimwona Mzee akibadilika rangi. Mimi pia tayari nilijua vya kutosha kuelewa. Peni isiyotobolewa ilikuwa kilema ambacho Mzee alikisikia kwa wenzake wa Mombasa, na yeye alikuwa hajawahi kukishika mkononi. Alikishika Jumatano. Alikitazama kidonda, kidonda kikamziba macho, na kwa maneno manne akamtia mtu ndani.

Katika miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumwona akiacha saa wazi mezani. Siku hiyo aliiacha. Alifunga duka mchana kweupe, watu wakadhani kuna msiba. Akabeba lenzi, mimi nikabeba mizani na kopo la peni, kijiti nikakichomeka kwenye nywele, tukashuka kituoni na Mama Nafula nyuma yetu, viatu bado mkononi.

Walizungumza Kiingereza, na Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha jikoni, lakini mengi yalikuwa ya kuonyesha kwa mikono. Inspekta aliileta ile peni. Mzee akaniambia niijaribu kwenye kijiti. Ikakwama. Keekee ya Zakaria ilikuwa nyembamba kidogo kuliko tundu la kiwanda. Nikatoa peni nyingine kwenye kopo, ya mfalme yule yule na mwaka ule ule, tukaweka moja huku na moja huku kwenye mizani. Ile ya Zakaria ikashuka.

"Ni nzito," Inspekta akasema. Hilo nilielewa.

Mzee akamweleza kwamba anayeghushi pesa huiba chuma. Risasi mahali pa fedha, wembamba mahali pa unene. Mwizi wa shaba hazidishi shaba. Kisha akampa lenzi atazame taji, pembe za ndovu na maandishi yaliyochapwa, kwenye peni zote mbili, herufi kwa herufi. Zilikuwa sawa, kali, za chapa moja. Kila kitu kwenye peni ile kilikuwa cha kiwandani, ila tundu. Kiwanda ndicho kilichosahau kutoboa.

Inspekta akainua kichwa. "Lakini wewe mwenyewe ulisema si ya kiwanda."

"Nilisema," Mzee akajibu, na hapo akaingia kwenye Kiswahili, nadhani ili Mama Nafula asikie. "Nilitazama tundu peke yake. Mimi nilikosea. Huyu bwana hakukosea, ni mimi."

Alikuwa mtu mwenye jina mjini. Watu walitoka mbali, hata Eldoret, kumletea saa. Na alisema hivyo mbele ya askari wawili na mimi niliyekuwa naosha nepi za wajukuu wake mwaka mmoja kabla. Nilimpenda siku hiyo kama baba yangu, na sijawahi kuliandika hilo popote, basi niliandike hapa.

Inspekta akaigeuza peni kwenye kiganja. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kama kila mtu miaka ile. "Kwa hiyo," akasema polepole, "alitoboa pesa ya mfalme ili ifanane na pesa ya mfalme?"

"Ndiyo," Mzee akasema.

Inspekta akatoa kicheko kifupi cha puani. Jumatatu Zakaria hakutajwa mahakamani. Alionywa asitoboe tena pesa ya serikali, akarudishiwa peni yake na keekee yake, akaingia kazini zamu ya mchana.

Juma hilo hilo walikuja dukani wote wawili kushukuru, na kuku. Zakaria alikuwa mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Aliiweka peni juu ya kitambaa cha kijani kama kitu kinachoweza kuuma.

"Mzee, hii kitu ni ya pesa ngapi sasa?"

"Senti kumi."

Zakaria akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mkewe ndiye hakuridhika. "Na kama hangetoboa?"

Mzee alifuta miwani yake. Ningekuwa mimi ningesema sijui. Ilikuwa rahisi, na nani angemkamata? Lakini nadhani alikuwa amechoka na majibu mafupi. "Kama hangetoboa," akasema, "ningenunua mimi. Na wewe ungeezeka nyumba ya mabati huko kwenu, vyumba vyote, na pesa ya milango ingebaki."

Zakaria alitazama mikono yake. Kisha Mama Nafula akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini sakafuni na kuku wake. "Nyumba mzima ya mabati! Na Mama Chebet alikataa kunipa sukuma nayo!"

Mzee akataka kuinunua hata hivyo, kwa shilingi tano, ikae kwenye meza kama somo. Mama Nafula akakataa. "Hapana, Mzee. Hii imenikosesha usingizi wiki mzima. Leo itaenda soko, na itapokelewa."

Nilikuwa nahitaji vitunguu, tukafuatana. Alikwenda moja kwa moja kwa yule yule Mama Chebet, akachukua fungu la majani ya sukuma, akampa ile peni. Mama Chebet hakuitazama hata kidogo. Aliipitisha kwenye uzi huku akiongea na mteja mwingine, akapiga fundo. Mama Nafula akaniangalia, ameshinda. Mimi nikaangalia ule uzi ukipotea chini ya leso.

Mzee alifariki, mwanawe akachukua duka, sasa mjukuu niliyembeba mgongoni ndiye anayewaandikia mishahara. Baada ya Uhuru zikaja peni mpya zisizo na tundu kabisa, na wamama wale wale wakazipokea bila neno, wakanunua vikoba. Za zamani zikawa zinatujia kwa makopo, kutoka kwenye shanga za akina nyanya na mapaa yaliyobomolewa. Kila peni ya mfalme yule iliyopita mikononi mwangu niliijaribu kwenye kijiti. Vijana mlinicheka, mkasema mama huyu anachoma mishikaki. Zote zilipita.

Mama Nafula bado yuko hai. Zakaria alimtangulia. Yeye anakaa Njoro kwa mwanawe, na huja kanisani kwetu mara moja moja. Yeye aliyesema lazima itumike, sasa kila tukikutana ananishika mkono kabla hata ya salamu. "Rispa, imepatikana?" Anaitaka. Si ya kuuza, anasema, ni vile aliitoboa Baba Nafula kwa mkono wake.

Namwambia bado. Kwa hiyo kiosheni hicho kijiti, mkikaushe vizuri, mkirudishe kwenye kopo. Siku peni itakapokwama, msiisugue. Tumeni mtu Lanet, nitakuja usiku au mchana.